Kizazi cha Makasha na Kizazi cha Oda

Sisi tuliofanya kazi ya afya huku Pwani miaka ya 1980 tulizoea kupokea. Mpango wa Dawa Muhimu ulipoanza, kwa fedha za Denmark kupitia UNICEF, dawa zilikuja ndani ya makasha: kasha la zahanati na kasha la kituo cha afya. Zahanati ya Kisarawe, ambako malaria haikupumzika, ilipata kasha lile lile la zahanati ya Makete kwenye baridi. Klorokwini ilituishia mapema, dawa nyingine zikakaa rafuni mpaka zikachina. Nayashukuru makasha yale, maana yaliokoa watu wengi. Lakini hayakutuuliza tunahitaji nini, nasi tukazoea kutojiuliza.

Hata Hospitali ya Tumbi ilikulia ndani ya kituo kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, kikakabidhiwa serikali mwaka 1970. Bei za vifaa zilikuwa habari za wakubwa.

Vijana wetu wamekuta mambo mengine. Bohari ya Dawa iko tangu miaka ya 1990, fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na Bohari ikikosa dawa yupo mshitiri wa mkoa, yaani msambazaji binafsi, chini ya mfumo wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Mganga mfawidhi wa zahanati leo ana nguvu ya kuchagua ambayo kizazi chetu hakikuijua.

Nguvu hiyo inakaa kwenye leja ya stoo, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Tuseme amoksilini ilikosekana mwezi mzima. Leja itaonyesha matumizi madogo. Anayenakili namba hiyo kwenye oda anaagiza upungufu mwingine, na mama atarudi na mtoto akaambiwa akanunue duka la dawa. Siku ambazo dawa haikuwepo lazima zihesabiwe, kisha matumizi yakokotolewe upya. Ni kazi ya kalamu na subira, na namheshimu sana kijana anayeifanya bila kusimamiwa.

Tena kuna mashine za maabara. Nyingine huja kwa bei nafuu, hata bure, lakini hazipokei vitendanishi ila vya mtengenezaji wake. Kituo kinabaki kimefungwa kwa mtengenezaji huyo kwa miaka. Kabla ya kusaini iulizwe: kipimo kimoja kitagharimu kiasi gani, fundi atatoka wapi, spea zinapatikana? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Kwenye kikao cha oda ningependa muuguzi wa zamu ya usiku aulizwe mapema. Majeruhi wa Barabara ya Morogoro wanapofikishwa Tumbi, yeye ndiye anayejua glavu zipi zinapasuka mkononi na dripu ngapi zinatumika kabla hakujakucha. Glavu ya bei ya chini inayomlazimu avae jozi mbili imeshakuwa ghali, na anaijua hasara hiyo kabla ya mhasibu.