Saa Nane ya Mzee wa Jeddah

Sisi ni wawili, wanachama wa zamani wa chama hiki, na tunaandika programu za kompyuta mjini Riyadh. Mwaka mzima tuliiona kazi hiyo kuwa ya kujaza tumbo tu: asubuhi tunapewa orodha ya makosa, jioni tunairudisha. Anayezitumia programu zetu hatukumjua.

Kisha tukatumwa Jeddah, wanakoshukia mahujaji wengi, kuona programu yetu ya ratiba za mabasi inavyotumika. Hotelini tukamkuta mzee wa pwani ya kwetu, amekalia begi lake. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, akatuonyesha simu.

"Wajukuu zangu, hawa wameandika basi ni saa 8. Nimeamka saa nane za usiku, nimekaa hapa, silioni."

Ilikuwa inakaribia saa mbili asubuhi. "Hawa" tulikuwa sisi. Saa za Saudi Arabia na za Afrika Mashariki ni zilezile. Kilichotofautiana ni kuhesabu. Tulitafsiri kila neno, tukasahau kwamba Mswahili huhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza.

Tukamwomba radhi, tukamsindikiza hadi kwenye basi. Usiku huo tukaongeza mistari michache ya kutoa sita. Sasa husomeka "saa 2 asubuhi".

Hakuna aliyetupongeza kazini. Lakini tangu siku hiyo, tukiletewa orodha ya makosa, tunajiuliza kwanza: ni nani aliyekalia begi lake akisubiri?