Ukali wa Uvimbe: Neno Moja Mbele ya Picha ya Ubongo

Wahenga walinena kuwa nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Fuvu la binadamu ni nyumba ya namna hiyo. Kwa karne nyingi ila zake hazikujulikana pasipo kulipasua. Siku hizi mashine ya MRI, kwa nguvu za sumaku na mawimbi ya redio, huchungulia ndani bila kisu. Katika makala haya mafupi nakusudia kueleza, mpenzi msomaji, jinsi picha hizo zilivyonifunza uzito wa neno moja la Kiswahili.

Mjomba wangu, mkulima wa Asumbi katika kaunti ya Homa Bay, alianza kuanguka kifafa akiwa mtu mzima. Picha zilizopigwa Kisumu zilionyesha uvimbe katika ubongo. Daktari hakujua Kijaluo, naye nyanya hakujua Kiingereza. Kiswahili kikawa ndicho daraja.

"Mama, yaelekea uvimbe huu si mkali," daktari alisema.

Nyanya akamaka. "Usiwe mkali vipi, daktari, na mwanangu anaanguka kila wiki?"

Nikaombwa nifafanue. Kwa nyanya, ukali ni uchungu, ghadhabu na makali ya panga. Kwa tabibu, ni kasi ya uvimbe kukua na kupenya sehemu jirani, nao uvimbe wa ubongo hupangwa na Shirika la Afya Duniani katika madaraja 1 hadi 4. Isitoshe, glioma za daraja la chini aghalabu ndizo zinazoleta kifafa. Wote wawili walisema kweli.

Daktari alipata wapi ushahidi? Mgonjwa hudungwa dawa yenye gadolini. Pale kinga iliyopo baina ya damu na ubongo ilipobomoka, uvimbe hung'aa. Kipimo kingine hutazama mwendo wa maji: seli zikisongamana, maji hukosa nafasi. Kingine hukadiria wingi wa damu, kwani uvimbe wenye kasi hujijengea mishipa mipya. Kingine hupima kemikali: kolini ikipanda, na kemikali ya niuroni zenye afya ikishuka, shaka huzidi.

Hata hivyo, picha si hukumu. Zipo glioma zisizong'aa ilhali zina kasi. Duara ling'aalo nalo laweza kuwa kifua kikuu cha ubongo au toksoplasma, jambo lisilopuuzwa Homa Bay, ambayo imekuwa miongoni mwa kaunti za Kenya zenye maambukizi mengi zaidi ya VVU. Daraja huthibitishwa maabara kwa kipande cha uvimbe na, kwa mwongozo wa 2021, kwa vinasaba vyake pia.

"Nyanya," nikasema, "yaelekea uvimbe huu unakua polepole, lakini hawatajua kwa hakika hadi wapasue."

Alimtazama mjomba, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha nyanya akauliza ni lini. Baada ya upasuaji, maabara ilitaja daraja la 2.

Wanaisimu wenzangu, tunapounda istilahi za tiba tusiliache neno "ukali" peke yake. Tuseme "kasi ya uvamizi". Aidha, Kiswahili kimejaliwa huenda, yamkini na yaelekea. Mfasiri anayeyadondosha maneno hayo hugeuza kadirio kuwa hukumu, na mgonjwa ndiye anayeibeba.