Gurudumu la Kushoto

Jumanne, 11 Machi 2025. Morogoro, usiku

Nimegonga ukingo wa barabara. Ilikuwa saa 12 na nusu jioni, mvua inanyesha, nakaribia Msamvu. Bodaboda mwenye abiria wawili akanikatia mbele, nikamkwepa. Tairi la mbele kushoto likalipiga zege kwa ubavu, likapanda, likashuka kwa kishindo. Canter yangu ilikuwa tupu na mwendo haukufika 40. Wale watu wako salama, alhamdulillahi.

Shemeji, ambaye ndiye utingo wangu, alishuka na tochi akasema rimu imekwaruzika tu, twende. Nikaendesha kama kilomita 2. Kwenye mwendo wa 20 usukani unakwenda kushoto, unarudi kulia, taratibu, bila kuacha. Hiyo si balansi. Balansi mbovu hunyamaza kwenye mwendo mdogo, ikaanza kutetemesha gari ukifika 70 au 80. Gurudumu linaloyumba kwenye 20 lina kitu kilichopinda, kilicholegea, au tairi lenyewe limeumia ndani.

Nimepaki. Tumefuturu uji na mihogo kwa mama mmoja wa kando ya barabara. Nimempigia simu mteja wangu wa Ilala kwamba nyanya zitachelewa. Amenuna, na ana haki, maana huko Ilula ninakokwenda kupakia wameshaanza kuchuma. Lakini mbele kuna kilomita 50 za hifadhi ya Mikumi, ambamo hutashuka kukagua tairi, na baada yake kuna mlima wa Kitonga. Kuupanda tupu si neno. Kuushuka na mzigo juu ya gurudumu nisilolielewa, siwezi.

Jumatano, 12 Machi, asubuhi

Mawe kwenye tairi za nyuma, jeki chini ya ekseli, gogo pembeni yake. Nimelishika tairi juu na chini, nikalisukuma na kulivuta. Linacheza kidogo. Nikamwambia shemeji akanyage breki, nikasukuma tena: kimya. Basi mchezo ule ni wa beringi. Ungekuwa wa kingpini, breki isingeuondoa. Na ni mdogo, wa kukaza tu, hauwezi kuleta kuyumba kule. Nikashika kulia na kushoto. Vichwa vya tairodi vimekaza.

Kisha waya. Nimefunga waya mgumu kwenye springi, ncha yake ikakaribia mdomo wa rimu, nikazungusha gurudumu polepole. Ncha ikakwangua chuma, ikaachana nacho hadi kidole changu cha mwisho kikapita katikati, ikakwangua tena palepale. Nimezungusha mara tano, palepale. Nikaweka chaki. Ubavu wa tairi unafuata rimu tu, hauna nundu wala mpasuko.

Kabla ya kugusa nati nilitoa upepo wote. Rimu za 7.50-16 hizi ni za vipande, tairi linazuiwa na pete ya loku, na loku iliyogongwa inaweza kuruka nati zikianza kulegea. Nikiwa kijana gereji nilimwona fundi aliyepigwa na loku. Siku ile sikuweza kuandika chochote, na leo pia siwezi.

Shemeji akaegemea spana kwa uzito wake wote. Nati haikusogea. Nikamwonyesha herufi L kwenye kichwa cha stadi: magurudumu ya kushoto ya gari hili, nati zake ni za kinyume. Kulegeza ni kwenda kulia. Alikuwa anazikaza.

Gurudumu lilipotoka niliupeleka waya kwenye uso wa habu, nikazungusha. Haukupishana hata unene wa karatasi. Habu nzima. Rimu ndiyo iliyopinda.

Jumatano, jioni

Nilifunga spea, baada ya kukwangua kutu na rangi pale rimu inapokaa kwenye habu. Uchafu ule peke yake unaweza kukalisha rimu upande. Kuyumba kumekwisha. Lakini barabara ikinyooka, usukani umekaa upande, na gari linatangatanga. Ningefurahia kuyumba kuisha nikaondoka, sasa hivi ningekuwa Mikumi nikiamini nimepona.

Tumepima upana kati ya tairi mbili za mbele, kwa utepe, kwenye mistari ya chaki. Upande wa mbele umeuzidi wa nyuma kwa milimita 17, wakati mbele ndiko kunakotakiwa kuwa kwembamba kidogo. Nikalala chini. Tairodi ya Canter iko nyuma ya ekseli: gurudumu likisukumwa nje na zege, tairodi ndiyo inayobanwa. Imejikunja kama upinde mpana. Ukiitazama umesimama huoni kitu. Ukilaza jicho kwenye ncha yake, unaona.

Fundi akasema, "Suka, naipasha moto, naigonga, dakika kumi umeondoka." Ni mtu mwema, na bei yake ilikuwa ndogo. Nimekataa. Chuma cha stelingi kikishapinda kimechoka, na moto unakiondolea ugumu uliobaki. Kikikatika, magurudumu mawili yanakwenda kila moja njia yake, na usukani mkononi mwako unashika gurudumu moja tu. Vyuma vingine nanyoosha kila mwaka. Hiki, hapana.

Alhamisi, 13 Machi. Ilula, usiku

Tairodi nimeipata Morogoro saa 4 asubuhi, si mpya, ila imenyooka. Tumeikagua kwa uzi kabla ya kulipa. Mbele sasa ni kwembamba kwa milimita 3. Beringi zimekazwa, grisi imewekwa. Njiani, Doma, nilisimama kukaza nati, kwa kuruka, si kwa kufuata duara. Mbili zilikubali robo mzunguko.

Tumepakia hadi saa 3 usiku.

Ijumaa, 14 Machi. Ruaha Mbuyuni

Tumeshuka Kitonga alfajiri kwa gia namba 2, mguu ukigusa breki kwa kuiba. Nilizima redio ili nisikie. Kwenye kona usukani ulirudi katikati wenyewe.

Chini nilipaki, nikaweka kiganja kwenye habu ya kushoto, kisha ya kulia. Joto moja. Niligeuka kuitafuta spana nikaikosa. Shemeji alikuwa ameshachuchumaa nayo mbele kushoto, anakaza, anaisukumia kushoto.