Nani Ameichora Sura Hii?

Ndugu msomaji, mchoraji hawezi kuichora sura ya mtu bila kwanza kuchagua mahali pa kusimama. Mwandishi wa historia naye ni vivyo hivyo. Basi usomapo habari za watu wa kale, huna budi kuuliza: aliyeandika alisimama wapi?

Mtazame Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Tabora, akaungana na Waarabu kumpiga vita mtemi huyo, nao wakashindwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1872, Mirambo ni mnyang'anyi tu. Mwaka 1876 walikutana ana kwa ana, wakachanjiana kuwa ndugu. Na kalamu ile ile ikamsifu kuwa ni mtu mpole mwenye adabu. Je, aliyegeuka ni Mirambo, au ni mahali aliposimama mwandishi?

Hata kando ya ziwa letu mambo yalikuwa hayo hayo. Machi 1875 Stanley aling'oa nanga Kageye, mkoani Mwanza, kwenda kulizunguka ziwa. Aprili alizozana na watu wa kisiwa cha Bumbire. Agosti akarudi na bunduki, akawaua wengi. Katika maandishi yake wanakisiwa ni washenzi waliostahili adhabu. Aliyeshika bunduki ndiye aliyeshika kalamu. Hata hivyo tusiyatupe maandishi hayo. Alipojisifu kwa mauaji yale, alijishuhudia mwenyewe, na wako Waingereza waliomlaumu kwa maneno yake hayo hayo. Neno linalomwumbua msemaji wake lina uzito kuliko lile linalompamba.

Lakini tusiwanyoshee kidole wageni peke yao. Katika ukoo wetu, marehemu babu husifiwa kuwa mkarimu asiye na mfano. Mzee mmoja aliyepata kumlimia pamba aliniambia kwamba babu alikuwa mzito wa kulipa ujira. Nimeziandika habari zote mbili katika daftari la watoto wangu. Shangazi alinuna, alisema namvua babu nguo kaburini.

Sivyo, ndugu msomaji. Mtoto aliyelelewa kwa sifa tupu, siku atakapousikia upande wa pili, hatatuamini tena hata katika yale mema ya kweli. Wazee wangalipo, waulizeni. Na msiwasahau wale waliogombana nao.