Safari ya Mojave, kwa Roketi Isiyoruka

Kwetu Malindi roketi si habari ya kusoma vitabuni tu. Upande wa Ngomeni, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya San Marco baharini, na kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout zikawa zinapaa kutoka pale. Mojawapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu ya uhuru, setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Scout ilikuwa roketi ya fueli ngumu kuanzia chini hadi juu: haina tangi wala pampu, na ikishawashwa hakuna wa kuizima. Kwa hiyo mpwa wangu, anayesoma uhandisi California, aliponieleza kwamba yeye na wenzake wanaunda mota za jamii hiyohiyo, ndogo, kwa mikono yao, nilitaka kujua mambo mawili: nani kawaruhusu, na mimi nije lini.

"Njoo tu, Mjomba," akasema. "Ila usitegemee kuona kitu kikiruka. Siku hiyo tunapima."

Tuliondoka Pasadena kabla ya alfajiri. Barabara ya 210 inapita karibu kabisa na bwawa la Devil's Gate, na mpwa wangu akapunguza mwendo ili anionyeshe bonde kavu la Arroyo Seco. Hapo, tarehe 31 Oktoba 1936, Frank Malina, Jack Parsons na wenzao walijaribu injini yao ya kwanza. Mwisho wa jaribio mpira wa oksijeni ulishika moto ukaanza kujipigapiga chini, nao wakatimua mbio. Leo ukingoni mwa bonde hilo ipo JPL, maabara inayotuma vyombo Mirihi, na mizizi yake ni wale vijana waliokuwa wakikimbia. Parsons hakufika mbali kiumri: aliuawa na mlipuko katika maabara ya nyumbani kwake mwaka 1952. Mpwa wangu aliyasema yote mawili kwa sauti ileile, nami nikajikuta namtazama mikono yake kwenye usukani.

Baada ya Palmdale na Lancaster nchi inakuwa tambarare, na miti ya joshua inasimama hovyohovyo huku imeinua mikono. Tulipita mji wa Mojave, ambako mwezi Juni 2004 Mike Melvill aliruka na SpaceShipOne hadi mpakani mwa anga za juu, tukaendelea kaskazini kuelekea Cantil na ziwa kavu la Koehn. Lami ikaisha. Tuliposimama kidogo kunyoosha miguu, somo la kwanza la jangwa likawa hili: usiwashe gari kabla hujainama kuchungulia chini yake, maana kobe wa huko hupenda kivuli cha gari, nao wanalindwa na sheria.

Uwanja wenyewe ni kontena, mahandaki ya zege, meza chini ya turubai na vyuma vilivyosimikwa ardhini. Msimamizi alikuwa mzee mhandisi mstaafu. Vijana walimwita kwa jina lake la kwanza kama mtoto mwenzao. Mimi ulimi ulikataa, nikamwita Mzee, na siku nzima hakuuliza maana yake. Ndiye mwenye leseni. California mota ya kujitengenezea haiwashwi bila mtu aliyepewa kibali na idara ya zimamoto ya jimbo, na neno lake likishatoka hakuna rufaa.

Walizileta mota zikiwa tayari ndani ya masanduku: mabomba ya alumini, nozeli za grafiti, na fueli ya sukari na shura, ambayo kwa rangi ungeidhania halua nyeupe. Kila mota ina herufi. A inaishia kwenye nyutoni-sekunde 2.5, B ni hadi 5, C hadi 10, na kila herufi inayofuata inaongeza kikomo maradufu. Ukisoma C6-5 kwenye mota ya dukani, C ni jumla ya msukumo wote, 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na 5 ni sekunde za kungoja kabla parashuti haijasukumwa nje.

Mota hizo za dukani zina historia ya huzuni kidogo. Baada ya Sputnik ya 1957 vijana wengi wa Marekani walishika mabomba na baruti, na wengine wakapoteza vidole au macho. Orville Carlisle, muuza viatu wa Norfolk, Nebraska, aliyejua fataki, alimpelekea mhandisi G. Harry Stine vijiroketi vyenye mota ya kubadilishwa, iliyokwisha kutengenezwa tayari. Kisha Vern Estes akaunda mashine ya kuzizalisha kwa wingi. Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini basi asinunue.

"Ya dukani inakuja na karatasi yake ya vipimo, Mjomba. Hii yetu karatasi hatuna. Ndiyo tumekuja kuitafuta."

Karatasi inapatikana hivi. Mota hufungwa kwenye chuma, mdomo juu, ili msukumo wake ukandamize kipima nguvu kilicho chini. Nyaya ndefu zinakwenda handakini kwenye kompyuta. Basi, nilikuwa nimevuka bahari na jangwa kuja kuona roketi iliyozuiwa isiende popote, na sehemu kubwa ya siku tulikuwa tukingoja: upepo utulie, kipimo kilichokuwa kikiyumba kwa joto kikae sawa, Mzee akague nyaya tena. Burudani hii haimfai mwenye haraka.

Ya kwanza iliunguruma takriban sekunde mbili, moshi mweupe ukasimama wima. Hakuna aliyeutazama, wote walikodolea macho grafu. Mstari ulipanda, ukajikunja taratibu, ukashuka. Eneo lililo chini ya mstari ndilo linalotoa herufi. Wakapeana mikono kwa adabu.

Ya pili ilipasuka. Mshindo ulinipiga kifuani nikiwa nyuma ya zege, na Mzee akatuzuia ndani mpaka aliporidhika. Mpwa wangu alinieleza huku anacheka kwa furaha ambayo sikuielewa mara moja: fueli huungua kwenye uso wake tu, kwa hiyo ufa au kiputo kilichojificha huongeza uso unaoungua; shinikizo hupanda, nalo shinikizo huharakisha kuungua, mpaka bomba lishindwe. Na kweli, grafu ilikuwa imepaa ghafla kama ukuta kabla ya kukatika. Waliigombania kuliko ile nzuri.

Vijana walitaka kupanga tarehe ya kurudi hapohapo. Mzee akasema hasikilizi tarehe yoyote kabla vipande vyote havijawa mezani. Tukajipanga mstari, mimi nikiwemo, tukaokota alumini iliyochanika vichakani. Nozeli ilikuwa imevunjika. Walipoiunga mezani ikakosa pembe moja, grafiti nyeusi juu ya jangwa lililojaa mawe meusi. Mzee akaitazama, akavaa tena kofia yake, akatuonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia upya.