Taa ya Mkebe Nusura Initoe Machozi

Ukiunda taa ya mezani ya chuma, usiniige. Huko Oldonyiro, Isiolo, nilitoboa mkebe, nikapitisha nyaya mbili, nikatia balbu. Ikawaka, nikajipiga kifua. Jioni mwanangu aliugusa, akarushwa: ukingo wa tundu ulikuwa umechuna waya wa moto. Alipona kwa rehema za Mungu.

Fundi alinikanya: chomoa plagi, weka mpira tunduni, kwangua rangi, ufunge waya wa kijani na manjano kwenye chuma chenyewe hadi pini ndefu. Hitilafu ikitokea, stima hukimbilia ardhini, fyuzi ikakatika. Lakini udongo mkavu haupitishi stima vyema. Chuma cha ardhini kishindiliwe hadi penye unyevu.

Je, taa yako ina waya wa tatu?