Shukrani ya Mavuno Ilagala, Mwaka Ziwa Lilipofungwa



Mtu akitoka Kigoma kwenda Ilagala hupita kwanza Ujiji, mji wa miembe, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kisha huvuka mto Luiche, akashika njia ya kusini, na mkono wake wa kuume ziwa humchungulia mara kwa mara kati ya michikichi. Hata akiona michikichi imekuwa mingi kuliko nyumba, na upepo unaleta harufu ya muhogo uliovundikwa, ajue kwamba Ilagala imekaribia.

Kijiji kimekaa karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia katika Ziwa Tanganyika. Mto huu huanza karibu na mpaka wa Burundi, ukazunguka mbali sana, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukapita penye chumvi ya Uvinza, ndipo ukaja kupumzika hapa baada ya mwendo wa kilomita 475 hivi. Si mbali na mdomo wake Wadachi waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, mwezi wa Julai 1916, wasije Waingereza na Wabelgiji wakaitwaa. Meli ile ilitolewa majini, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wazee wa pwani hii hupenda kuitaja, na mimi siwalaumu, maana si kila kijiji kina meli iliyofufuka.

Lakini sikwenda Ilagala kwa ajili ya meli. Nilikwenda kula sikukuu ya mavuno pamoja na nyumba moja ninayoifahamu tangu zamani, mwezi wa Agosti 2024, na hayo ndiyo nitakayowasimulia.

Wengine wenu mmesikia kwamba Wamarekani wana siku yao ya kumshukuru Mungu, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, ambayo Rais Lincoln aliiita sikukuu ya nchi nzima mwaka 1863. Na Wakanada wana yao, Jumatatu ya pili ya Oktoba. Kwetu Kigoma miezi hiyo haifai. Novemba mvua imekwisha kuanza, na kila mtu yuko shambani na jembe. Nani atashukuru kwa mbegu ambayo bado i mchangani? Kwa hiyo makanisa mengi ya kwetu hushukuru wakati wa kiangazi, mahindi yamekwisha kuanikwa na maharagwe yamekwisha kupigwa.

Basi mwaka ule kiangazi kilikuwa na jambo jipya. Tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate kuzaana. Miezi mitatu! Mwenyeji wangu ni mvuvi wa dagaa, na baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Kazi yao hufanywa usiku wa giza: mitumbwi hufungwa pamoja, wavu hushushwa, taa huwashwa, dagaa wakaja wenyewe kwenye mwanga. Zamani zilikuwa karabai. Sasa ni taa za betri. Mtu wa namna hii akiambiwa akae nchi kavu miezi mitatu, hajui mikono yake aiweke wapi.

Nilifika siku ya Ijumaa jioni, tarehe 16. Ziwa lilikuwa limefunguliwa usiku mmoja tu. Watoto walinikimbilia, wakanipokea mzigo, wakasema, "Shikamoo mjomba, Baba amekwenda ziwani!" Walilisema neno hilo kama watu wanaotangaza arusi. Nikamkuta bibi yao, mama wa mwenyeji wangu, ameketi juu ya mkeka akimenya muhogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri na wakati mbaya."

Nikamwuliza, "Mbaya kwa nini, Mama?"

Akainua kisu, akauonyesha mwezi uliokuwa ukipanda juu ya vilima. Mwezi ulibakiwa na siku tatu upevuke. Hapo nikafahamu. Serikali ilifungua ziwa kwa tarehe yake, na mwezi ulikuja kwa tarehe yake, wala hawakuulizana. Mwezi ukiwaka, taa ya mvuvi haina nguvu, dagaa hutawanyika. Mwenyeji wangu alikuwa ameijua habari hiyo tangu mwezi wa Julai, walakini alikwenda. Alirudi asubuhi na beseni moja, nalo halikujaa. Aliliweka mbele ya mkewe, akacheka kidogo, akaenda kulala.

Nikamwuliza mama wa nyumba waliishije miezi ile mitatu. Akanijibu, "Njoo nikuonyeshe," akanipeleka nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba ile iko michikichi ishirini na mitatu, mirefu sana, iliyopandwa na marehemu baba mkwe wake. Mchikichi ni mti wa zamani katika pwani hii. Burton, aliyefika ziwani mwaka 1858, aliandika habari zake na za mawese ya Ujiji. Mvuvi wetu, alipokatazwa ziwa, alijifunga kamba kiunoni akawa mpanda michikichi, kwanza ya kwao, baadaye na ya watu kwa ujira. Alikata mikungu, watoto wakaokota ngazi zilizopukutika, mkewe na mama yake wakakamua. Mawese yakauzwa, kokwa zikapondwa kutoa mise ya kutengenezea sabuni, makapi yakawashia moto. Binti mkubwa anayesoma sekondari alipelekewa ada yake yote, haikupungua hata shilingi. Muhogo wao wenyewe ukawapa udaga wa ugali. "Samaki tulimsahau," akasema, "lakini njaa hatukuiona."

Kisha nikaona pembeni, chini ya kivuli cha makuti, miche michanga imepangwa katika mifuko meusi, yapata arobaini. Nikauliza, "Na hii?"

Mama wa nyumba akatazama nyuma kwanza, kama bibi yuko karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo ndiyo maneno ya nyumba hii."

Yafaa niwaeleze. Tangu mwaka 2018 Serikali imehimiza sana zao la mchikichi katika mkoa wa Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga huzalisha mbegu ya namna iitwayo Tenera. Michikichi ya kienyeji ni ya namna ya Dura, ambayo ngazi yake ina ganda nene na nyama kidogo. Tenera ina ganda jembamba na nyama nyingi, kwa hiyo hutoa mafuta zaidi, na huanza kuzaa ingali mifupi. Mwenyeji wangu aliipata miche. Ila shamba lake ni moja, nalo limekwisha kujaa. Hapana nafasi ya mipya pasipo kukata ya kale.

Siku ya Jumamosi tulikamua mawese ya sikukuu. Kazi hii sitaieleza yote, maana wengi wenu mnaijua kuliko mimi: ngazi zilichemshwa katika pipa tangu alfajiri, zikatwangwa, zikakamuliwa, na mafuta yakachemshwa tena mpaka maji yakaisha. Nilipewa kuchochea moto, nikaunguza suruali. Bibi ndiye aliyesimama penye sufuria ya mwisho. Alichota kwa upawa yale mekundu safi yaliyo juu, akajaza chupa tano, akasema, "Hizi za kanisani. Zilizobaki ni zetu." Mjukuu wake mmoja akasema, "Bibi, zilizobaki zina taka." Akajibiwa, "Ndiyo maana ni zetu."

Jioni, baada ya kula, maneno yakatoka. Mwenyeji wangu alianza kwa adabu.

"Mama, mvua za Oktoba zikikaribia nataka miche iwe ardhini. Nimezungumza na mwenye msumeno."

Bibi hakujibu mara moja. Akaupindua muhogo motoni. Akasema, "Miezi mitatu iliyopita watoto hawa walikula nini?"

"Walikula michikichi ya Baba, Mama. Silikatai hilo."

"Na shukrani ni kesho."

"Ni kesho, Mama."

"Basi kesho tutashukuru kwa kitu ambacho keshokutwa utakiita msumeno."

Nikatazama chini, kwa kuwa mgeni katika maneno ya namna hiyo hutafuta jambo la kufanya na mikono. Mwenyeji wangu naye hakuwa mtu mbaya, wala hakusema neno la ukali. Alisema miti ile imezeeka, inazaa mikungu midogo. Naye akipanda, kamba humkata, na kule juu upepo wa ziwa huutikisa mti kama mlingoti. Alimkumbusha mama yake jirani yao aliyeanguka katika mwezi wa Juni, ambaye mpaka siku ile alikuwa hajaweza kusimama. "Nikianguka mimi," akasema, "hiyo miti ishirini na mitatu itapandwa na nani? Huyu?" Akamwonyesha mtoto wake wa kiume wa miaka kumi na miwili. Bibi akamtazama mtoto, naye mtoto, maskini, akajinyosha aonekane mrefu.

Hapana aliyesema zaidi. Mimi nilikwenda kulala, na kwa kweli sikujua ni nani ningemwunga mkono. Hata leo nafikiri wote wawili walisema kweli.

Jumapili asubuhi njia ya kanisani ilijaa watu na mizigo. Wengine walichukua mahindi, wengine udaga mweupe katika vikapu, ndizi, maharagwe, miwa, kuku waliofungwa miguu, na mzee mmoja alikokota mbuzi asiyetaka dini. Nilitafuta samaki, nikaona wachache sana. Mwaka mwingine, mama wa nyumba aliniambia, dagaa huwa chungu zima mbele ya madhabahu. Mwenyeji wangu alikuwa amechukua bakuli lenye nusu ya dagaa wake wa usiku ule, wamekauka kwa jua la siku moja tu. Aliliweka mwishoni kabisa, nyuma ya kikapu cha mtu mwingine, kana kwamba hataki lionekane.

Baada ya ibada ukawa mnada nje, chini ya mwembe, kama ilivyo desturi ya makanisa yetu: vitu huuzwa, na mwenye kununua hutoa zaidi ya bei ya sokoni kwa ajili ya kanisa. Aliyenadi alikuwa mwalimu mmoja mwenye sauti na mzaha. Alimwuza yule mbuzi mara tatu, maana kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Chupa za bibi ziligombewa na akina mama, zikaisha upesi. Hata likatokea bakuli la dagaa. Mwalimu akaliinua juu, akasema, "Haya, ndugu, samaki wa kwanza wa ziwa lililofunguliwa!" Watu wakacheka, maana waliona uchache wake. Mmoja akasema elfu mbili. Mwingine elfu tatu. Pakawa kimya, na mwenyeji wangu akaanza kutazama kandokando.

Ndipo bibi akasimama. Akafungua pindo la kanga yake polepole, akahesabu, akasema, "Elfu kumi." Hapana aliyempita. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama mtu apokeaye kitu cha heshima, akaketi nalo mapajani. Mwanawe alisimama pale pale, asiweze kusema neno.

Dagaa wale tuliwala mchana huohuo, wamekaangwa kwa mawese yenye taka, pamoja na ugali wa muhogo, watu kumi na mmoja kwa jirani walioalikwa. Kila mmoja alipata kama kijiko. Watoto walilamba vidole, wakabishana nani aliyepata dagaa mkubwa.

Alasiri bibi akachukua fimbo yake, akamwita mwanawe, wakaenda nyuma ya nyumba. Mimi na mama wa nyumba tulikuwa tukiosha vyombo. Hatukufuata, lakini tuliwaona. Bibi alipita kati ya miti akiigusa kwa fimbo, mmoja baada ya mmoja. Mwingine aliugusa, akapita. Mwingine aliugonga mara mbili, na mwanawe akaufunga ukanda wa kitambaa. Walipomaliza nikahesabu vitambaa: tisa, vyote katika ile mirefu iliyo upande wa ziwa, ambako upepo huvuma kwa nguvu. Mwenyeji wangu alirudi, akapima kwa hatua nafasi itakayopatikana, akasema miche kama kumi na minane itaingia, na iliyobaki atamwuzia mtu wa ng'ambo ya mto.

"Na kumi na minne iliyosalia?" nikamwuliza.

"Hiyo Mama amesema nisimwulize tena mpaka yeye mwenyewe aseme."

Usiku ule mwezi ulipanda mkubwa mno, na ziwa lote likawa jeupe, kama mchana wa mawingu. Mwenyeji wangu alikaa mlangoni akisafisha taa zake, akafunga upya nyaya za betri, akamwuliza mwanawe ni siku ngapi zimebaki hata giza lirudi. Mtoto akahesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena.